Bwana Shamba wa Tofali la Tatu

Siku ya kwanza ya bamvua
maji yalitoka hadi mwamba ukaonesha mbavu,
nikainama kukaza tai-tai kwenye kamba ya tatu.
Akaniuma.
Kidole cha shahada, juu kidogo ya kucha.
Samaki hazidi dole gumba,
mweusi kama chini ya sufuria, mkia wa manjano,
na hasira za mtu mwenye hati ya kiwanja.

Sokoni hana bei. Hata paka wa Mize
humnusa, akaondoka.
Jina lake watu wanabishania.
Mimi nimemwita Bwana Shamba,
maana yule wa serikali
hajafika Kiuyu tangu uchaguzi.

Tofali ni langu. Nililinunua kwa Mchanga Faki, shilingi mia nane,
nikalibeba kichwani hadi maji ya kiuno
lishikilie kamba ya mwani.
Yeye hatambui.
Upande wa kivuli ameguguna, amepapatua,
konokono kamtia mdomoni, kamtema mbali,
karudi kutazama kama ametulia huko.
Juu kaacha bustani,
majani membamba kama ndevu za kijana,
yale tu ayapendayo; mengine hung'oa.
Nami hung'oa magugu yayo hayo kwenye kamba zangu.
Tumeelewana kwa hilo, si kwa jingine.

Siku ya pili rangi ilimpauka usoni.
Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka,
kama mtu achotaye kisimani
kwa ndoo asiyo nayo.
Nilipozamisha sikio nikasikia: krr, krr,
kucha juu ya kifuu.
Jike akaja, tumbo limemtangulia,
akakagua tofali kama shangazi wa bibi harusi,
akaondoka.
Akarudi.
Akapita tumbo chini, mstari kwa mstari,
na dume nyuma yake, akigonga muhuri.
Alipomaliza hakuaga.
Maji hayajajaa, akaja wa pili. Naye akakaribishwa.

"Uke wenza huo," akasema Mize.
Nikamwambia, wake wenza hugombana;
hawa hawakai hata kunywa maji.

Siku ya tatu: uwele uliomwagika mkekani,
kila chembe imejishikiza kwa uzi wake.
Anapepea kwa pezi, kushoto, kulia,
kama unavyompepea mtoto wa homa,
anadonoa yaliyooza,
anamfukuza kaa, changu, mguu wangu.
Siku ya nne mayai yana macho.
Ya fedha. Sijui elfu ngapi.
Yananitazama.

Ningeishia hapo.
Nilishaziandaa sifa za kumpelekea Shaame,
alindaye bohari la karafuu za watu kule Wete
na kutuletea sukari mwisho wa mwezi:
tazama baba, nimwambie, tazama.

Ndipo nikamwona akila.
Si yaliyooza. Mazima, yenye macho,
ya pembeni, polepole,
kama mtu anayehesabu.
Kisha akarudi kupepea yaliyobaki
kwa bidii ile ile.

Nilisimama hadi maji yakanirudia mapajani.
Siku zote hizi sijamwona akipanda kula bustanini,
na bustani i dari ya nyumba yake;
lakini ukipanda darini
mlango unabaki na nani?
Sikumhukumu.
Wala zile sifa sikuzipeleka Wete.

Usiku wake sikuwepo.
Mwalimu Hidaya wa skuli anasema
huanguliwa giza likishika,
vitoto kama nyuzi za buibui, vyaonekana mpaka utumbo,
mkondo unavichukua vyote.
Wiki tatu huko nje. Vingi ni chakula cha wengine.
Kilichosalia hunusa mwamba kwa mbali
na kurudi kutafuta kipande chake.
Hakumbuki baba. Baba hamkumbuki.

Siku ya tano tofali tupu,
safi kama sahani iliyorambwa.
Nikainama kukaza tai-tai.
Akaniuma.
Kidole kile kile.